Kuruta na Lugha ya Amri katika Riwaya Mbili za Abdulrazak Gurnah

Riwaya ya Paradise (1994) inamalizika pale ambapo maisha ya jeshini yangeanza. Yusuf, kijana aliyewekwa rehani na babaye kwa sababu ya deni, anatazama kwa kujificha jinsi askari wa Wajerumani wanavyowakamata wanaume wa mji. Msafara ukishapita, anatoka mbio kuufuata. Ni rahisi kuliita tendo hili kukata tamaa. Lakini kwa mtu ambaye maisha yake yote yameamuliwa na wengine, kuchagua bwana mpya ni kuchagua pia, hata kama chaguo lenyewe ni baya.

Afterlives (2020) inalichukua jambo hilo lilipoachwa, ingawa kwa majina mengine. Hamza naye alitolewa na babaye ili kulipa deni. Naye anatoroka na kujiandikisha kwa hiari katika Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani. Tofauti ni kwamba safari hii mwandishi anaingia na kuruta wake hadi kambini. Hapo Gurnah anafaulu katika jambo moja gumu: anakubali kwamba mafunzo yana ladha yake. Mwili wa Hamza unakomaa, naye anaanza kuonea fahari nguvu na ustadi ambao hakujua anao. Mwandishi mwepesi angalimchora kama mhanga mtupu. Gurnah anaonyesha jinsi unyonge wa kijana maskini unavyogeuzwa kuwa utiifu, na utiifu ukapewa jina la heshima.

Kuna suala lingine ambalo linamhusu mwanaisimu sawasawa na mhakiki. Wissmann alipounda kikosi chake mwaka 1889, sehemu kubwa ya askari wake walikuwa Wasudani walioandikishwa Misri, na vyeo vyao vilikuja pamoja nao: ombasha, shaushi, efendi, yote yakiwa maneno ya Kituruki yaliyopitia Kairo. Baadaye waliingizwa Wanyamwezi, Wasukuma na wengine wengi. Lugha waliyokutana nayo wote katika uwanja wa kwata ni Kiswahili. Maandishi juu ya kuenea kwa Kiswahili bara hukaa sana kwenye misafara ya biashara, shule na misheni. Kambi hupewa sentensi moja, labda kwa haya. Haya hiyo haifai. “Afande” bado husikika kila siku katika vituo vya polisi vya Kenya na Tanzania.

Kiswahili cha kambini kilikuwa Kiswahili gani? Ni lugha ambayo kitenzi chake husimama katika hali ya kuamrisha peke yake. Haina naomba, haina tafadhali, wala haina nafasi ya kujuliana hali. Kijana wa mwambao, aliyelelewa kumwamkia mkubwa kabla ya neno lolote, anakuta lugha ya nyumbani kwao imevuliwa adabu yake yote na kurudishwa kwake kama kelele. Hilo ndilo fundisho la kwanza la kuruta, kabla hajashika bunduki.

Katika Kiingereza cha Gurnah fundisho hili linasikika kwa mbali tu. Majina ya vyeo yamebakizwa, lakini sentensi zilizoyazunguka zina ulaini mmoja, na sauti ya ombasha haipambanuki vya kutosha na sauti ya msimulizi. Zaidi ya hayo, Hamza anaondolewa uwanjani mapema mno. Ofisa anamfanya mtumishi wake na kumfundisha Kijerumani, hata mwishowe anamwachia kitabu cha Schiller. Uhusiano huo umechorwa kwa ufundi mkubwa, lakini gharama yake ni kwamba askari wengine, watu wa bara ambao hakuna ofisa aliyewaona, wanabaki kuwa ghasia nyuma ya ukuta.

Ida Hadjivayanis alipoifasiri Paradise kwa jina la Peponi (2022), tatizo hili halikumkabili sana, kwa kuwa askari hawakai katika riwaya ile. Mfasiri wa Afterlives hawezi kulikwepa. Akimsemesha ombasha Kiswahili Sanifu cha kawaida, atakuwa amempa lugha ambayo usanifishaji wake ulianza katika miaka ya 1920, wakati jeshi hilo lilikwisha kusalimu amri huko Abercorn mwezi wa Novemba 1918. Akimpa Kiswahili kilichovunjika, mfano wa Kikeya cha askari wa KAR, msomaji wa pwani atacheka, na kicheko hicho kitamgeuza mtu anayetisha kuwa kichekesho cha mtu wa bara. Njia ya tatu ingekuwa kumpa ombasha Kiswahili kisicho na kosa lolote la sarufi, ila kisicho na kitenzi hata kimoja nje ya hali ya kuamrisha. Hamza angeyaelewa maneno yote, na asipate mahali pa kuingiza jibu.