Mbege Haisafiri

Anayetaka kuijua mbege, pombe ya ndizi na ulezi ya Wachaga, hana budi kupanda mlima. Bia ya kiwandani itamfuata popote alipo, lakini mbege ina siku yake na mahali pake: leo tamu, kesho kali, kesho kutwa imechachuka kiasi kwamba hata aliyeipika haigusi. Ndiyo maana huwaambia rafiki zangu wanaokwenda Kilimanjaro kwa ajili ya theluji tu kwamba wameiacha nusu ya mlima. Shukeni Himo, mpande Marangu, mpite Kilema, mzunguke mpaka Old Moshi. Msiwe na haraka.

Ni vijiji na vimji vidogo kwa macho, ila vina mengi ya kusimulia. Kilema alipita mmishonari Johannes Rebmann mwaka 1848, mwaka uleule alioiona theluji ya Kilimanjaro na kuandika habari ambazo wasomi wa Ulaya walikataa kuzisadiki. Marangu ni kwao Yohani Lauwo, anayekumbukwa kwa kuuongoza msafara wa Hans Meyer wa kupanda mlima mwaka 1889. Na Old Moshi ndiyo iliyokuwa Moshi kabla reli haijazaa mji wa bondeni. Hapo Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, chifu wa mahali hapo, mwaka 1900, na ukoo wake umekitafuta kichwa chake huko Ujerumani kwa miaka mingi. Ukisimama penye mti wake wa kumbukumbu, halafu ukatembea kidogo ukakuta wazee wameketi na kata mikononi, utaona kwamba vilivyodumu hapa si majengo. Boma na umangi vimepita, pombe ingali inapikwa.

Kuipika ni kazi ya kuhesabu siku. Mpishi huanzia mwisho: gulio ni lini, harusi ni lini, posa inapelekwa lini; kisha hurudi nyuma mpaka siku ya kuzivundika ndizi. Zikiiva sawasawa humenywa na kuchemshwa kwa saa nyingi, hadi ziwe nyekundu ya kahawia, halafu huachwa kwenye pipa siku kadhaa zichachuke. Hiyo ndiyo nyalu. Ukiionja peke yake utakunja uso. Upande wa pili kuna ulezi: hulowekwa, huoteshwa, huanikwa, husagwa, kwa kuwa mbegu inapochipua ndipo wanga wake unapoanza kugeuka sukari. Unga wa kimea hicho hupikwa uji, na humo hutiwa magome ya msesewe, mti ambao hapa mlimani hufanya kazi ambayo kwingine hufanywa na hopi. Uji huo huitwa mso. Maji ya nyalu yakishachujwa na kuchanganywa na mso uliopoa, usiku mmoja tu unabaki kabla ya kunywa.

Neno "uliopoa" limebeba ufundi mwingi kuliko linavyoonekana. Niliketi jikoni kwa mama mmoja wa Kilema, akiwa anangojea mso wake. Hakuwa na kipimajoto wala saa. Nikamuuliza, "Mama, utajuaje kwamba tayari?" Akachota kidogo kwa mwiko, akanishika mkono, akanidondoshea tone kwenye kifundo, upande wa ndani ambako ngozi ni laini. Nikashtuka. "Ikikuumiza wewe mwanangu, itaiumiza na nyalu," akasema, akaendelea kukoroga. Nyalu imejaa hamira hai, na joto kali huiua. Yeye alilijua hilo kutoka kwa mama yake, aliyelijua kutoka kwa wake.

Magome nayo yana adabu yake. Yakizidi, kinywa chote ni uchungu. Yakipungua, pombe inapooza kama uji wa mgonjwa. Mwenye busara hubandua upande mmoja wa shina tu, mti upate kupona. Wapo wanaobandua mpaka mti unakauka, na hao siwezi kuwaita mafundi hata kama pombe yao ni nzuri.

Ukiletewa, mwenyeji ataonja kwanza mbele yako, ndipo akupe kata. Juu utaona machicha ya ulezi yanaelea. Yapulize kando taratibu, unywe kwa ukingo uliobaki wazi. Utamu wa ndizi hutangulia, ukakasi wa ulezi ukafuata, kisha msesewe unabaki nyuma ya ulimi muda mrefu. Mimi napenda ile iliyolala usiku mmoja tu, yenye uchungu wa kutosha. Kileo chake si kikali, kwa hiyo watu hukaa, huzungumza, humaliza mambo. Bruno Gutmann, mmishonari wa Kilutheri aliyeishi Old Moshi miaka mingi, alichapisha kitabu kikubwa kuhusu sheria za Wachaga mwaka 1926, na mtu hawezi kuzieleza sheria hizo akaiacha pombe nje: faini, posa, suluhu ya majirani, kazi ya kusafisha mfongo (mfereji wa maji), vyote vilipitia kwenye kata.

Siku hizi ulezi mwingi hununuliwa kutoka nje ya mlima, na mapipa ya plastiki yameingia palipokuwa na mitungi na magogo yaliyochongwa. Hayo hayanitishi. Kinachonitisha ni hatima ya mkono ule wa mama wa Kilema, kwa sababu binti zake wako Dar es Salaam na Arusha, na hakuna aliyeketi naye jikoni wiki nzima.

Kila Desemba barabara ya kwenda Moshi hujaa magari ya wanaorudi nyumbani kwa Krismasi, na wengi hufika mbege ikiwa imeshawiva. Kama nyumbani kwenu bado yuko anayeipika, ombeni ruhusa kazini mapema, mfike siku ile ndizi zinapomenywa.