Kulinda mugonjwa kisha operesheni: tusisome ASOS-2 vibaya

Kuna sentensi moja ambayo wenzetu wa udaktari wanapenda kusema siku hizi, na inanisumbua: «Walishajaribu kulinda wagonjwa kwa karibu kisha operesheni, haikubadilisha kitu.» Wanaitoa mu utafiti wa ASOS-2, uliotoka mu The Lancet Global Health mwaka 2021. Niliusoma pole pole, na Kiingereza changu cha kujikokota. Utafiti ni muzuri. Lakini ile sentensi si yake.

Tuanzie nyuma. ASOS ya kwanza ilitoka mu The Lancet mwaka 2018. Bruce Biccard wa Cape Town na wenzake walifuata wagonjwa 11,422 mu hospitali 247 za nchi 25 za Afrika, na Kongo yetu ilikuwa ndani. Walikuta 2.1% walikufa mu hospitali, mara 2 ya wastani wa dunia, hata kama wagonjwa wetu walikuwa vijana zaidi na wenye hatari ndogo. Na zaidi ya 9 kati ya 10 ya wale waliokufa, hawakufa siku ya operesheni. Walikufa kisha, mu kitanda.

Njo ASOS-2 ikauliza: tukiwaangalia zaidi, watapona? Hospitali 332 za nchi 28, wagonjwa 28,892. Kura iliamua hospitali gani iendelee vile inafanyaka, na gani iongeze ulinzi kwa wenye hatari kubwa: kuwaweka mu sale yenye uangalizi zaidi, kuwapima mara nyingi, kitanda kikae mbele ya macho ya infirmie, jamaa aruhusiwe kubaki, karatasi ya maelekezo ikae karibu. Matokeo: vifo 1.2% upande wa ulinzi, 1.3% upande mwengine. Hakuna tofauti.

Ninawasifu kwa kutoa hilo jibu wazi, juu si kila mutafiti anakubali kutangaza kwamba wazo lake halikufaulu. Lakini tuangalie nini hasa kilijaribiwa. Waliongeza macho. Hawakuongeza infirmie, hawakuongeza oksijeni, wala damu.

Mwaka jana nililinda mama mudogo kisha operesheni ya tumbo, mu hospitali moja ya kwetu. Kitanda chake kilikuwa sawasawa mbele ya meza ya infirmie. Saa nane ya usiku akaanza kuhema mbio. Nikaenda: «Dada, mama anahema mubaya.» Akanijibu: «Nimeona, papa. Lakini dokta iko mu bloku, na oksijeni iko kwa mutu mwengine.» Alikuwa peke yake kwa sale mbili. Oksijeni tuliipata saa kumi na moja, juu yule mwengine hakuihitaji tena. Sikuuliza kwa nini. Mama mudogo alipona.

Yule dada aliona, na alijua. Kuona hakukukosa, kilichokosa ni mikono na vyombo. ASOS ya 2018 yenyewe ilikuta wapasuaji, waganga wa uzazi na wa dawa ya usingizi, wote pamoja, ni 0.7 kwa watu 100,000, wakati tume ya The Lancet ilikuwa imependekeza angalau 20. Hapo ukisogeza kitanda, umesogeza kitanda tu.

Kuna lawama ingine ndogo. Walihesabu vifo vya mu hospitali. Mwenye familia ilimutoa mapema juu ya deni, akafia nyumbani, hayuko mu ile hesabu. Kwetu watu wa namna hiyo tunawajua.

Kwa nini ninasumbuka? Juu kesho baadhi yetu tutasimamia hospitali. Siku moja mutu atakuja na ile sentensi mu mukono ili apunguze infirmie wa usiku: «Ulinzi hausaidie, sayansi ilisema.» Sayansi haikusema hivyo. Ilisema macho peke yake hayatoshe.

Wewe mwenye unaandika memwari mwaka huu, usihesabu tu mara ngapi tansio ilipimwa. Hesabu dakika ngapi zilipita kati ya kuona na kusaidia. Namba hiyo njo tunahitaji hapa kwetu.