Sindano ya nozeli hukerezwa kwa kisu gani

Pawatila ikianza kutema moshi mweusi katikati ya jaruba huko Bujonde, Kyela, fundi hapotezi muda: anafungua nozeli. Ndani yake mna sindano ya chuma yenye unene wa milimita chache, inayopanda na kushuka ndani ya ala yake kwa nafasi ya mikroni chache tu. Nafasi ikizidi, dizeli inavuja badala ya kupuliziwa; ikibana, sindano inakwama. Wengi wakiitazama wanasifu ule mng'ao wake, yaani kazi ya jiwe la kusaga. Mimi nasifu kilichotangulia. Jiwe hupewa unene mdogo sana wa kuondoa, na kama rodi ilitoka kwenye mashine ya kukereza ikiwa imepinda au nene upande mmoja, jiwe halina pa kuanzia.

Tatizo ni la hesabu, tena hesabu nyepesi. Chukua rodi ya chuma ya milimita 6, ishike kwenye chaki ya lethi ya kawaida, iache itokeze milimita 40. Kisu kikiisukuma ubavuni kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 5, ncha yake itakimbia takriban milimita 0.08. Kisu kimepangiwa kina fulani, rodi imekikwepa, kwa hiyo kipenyo kinabaki kinene kwa milimita 0.16 kule mwisho huku karibu na chaki kikiwa sawa. Sindano inatoka na umbo la koni ambayo hakuna aliyeiagiza. Sasa punguza urefu unaotokeza uwe milimita 4. Kupinda hufuata kipeo cha tatu cha urefu, yaani urefu ukipungua mara 10, kupinda kunapungua mara 1,000. Kosa linashuka hadi chini ya sehemu moja ya kumi ya mikroni.

Hapo ndipo Waswisi walipoingia. Katika miaka ya 1870 Jakob Schweizer, akiwa kwenye biashara ya saa, alibuni kerezo ambalo kichwa chake chenye rodi ndicho kinachosogea, na kisu kinakaa mahali pamoja. Mwaka 1880 Nicolas Junker alianza kutengeneza mashine za namna hiyo Moutier, mji mdogo wa milima ya Jura, na mji huo ukazaa majina ambayo wakerezaji wa dunia nzima wanayajua: Tornos, Bechler, Petermann. Baadaye Wajapani, Citizen na Star, wakaingia kwa kishindo. Rodi hupita ndani ya bushi ya kuongozea, na kisu hukata milimita moja hadi tatu tu mbele ya bushi hiyo. Anayekata mwanzi kwa panga huushika karibu na pale panga linapopita. Mashine hii hufanya vivyo hivyo kwa kila milimita ya urefu.

Bushi imetatua urefu. Nguvu ya kilo 5 bado ipo, na hiyo huamuliwa na kishikio cha kisu na tipu, yaani kile kipande kidogo cha kabaidi kinachokata. Katalogi nyingi humwanzishia mnunuzi kwenye ugumu wa kabaidi na rangi ya mipako yake. Kwa kazi nyembamba, nadhani huko ni kuanzia mkiani. Swali la kwanza ni hili: chuma kikikatwa, msukumo unaelekea wapi?

Soma maandishi ya kwenye boksi. Tipu inayojaa kwenye karakana zetu ni CNMG 120408. C ni pembe ya nyuzi 80. N ina maana kwamba ubavu wa tipu hauna mteremko wowote, kwa hiyo kishikio hulazimika kuiinamisha ili ubavu usisugue kazi. M ni ustahimilivu wa tipu iliyofinyangwa kwenye kalibu. 08 mwishoni ni mviringo wa ncha wa milimita 0.8. Ni tipu nzuri mno kwa shafti ya mashine ya kukoboa mpunga. Iweke kwenye rodi ya milimita 6 kwa kina cha milimita 0.5 uone. Kina hicho ni kidogo kuliko mviringo wa ncha, maana yake tipu inakata kwa ule mviringo pekee, wala ukingo wake ulionyooka haugusi kitu. Mviringo husukuma rodi ubavuni. Rodi inatetema, inalia, na uso wake unatoka na mistari kama ya ngozi ya chatu.

Kwenye kerezo la Kiswisi utakuta DCGT 070202. D ni nyuzi 55, ncha inayoweza kushuka kwenye shingo ya sindano bila ubavu kugusa bega. C, herufi ya pili, ni mteremko wa nyuzi 7, basi tipu inaingia kwenye chuma kwa ukali badala ya kukikandamiza. G ni tipu iliyosagwa kwa jiwe. Ukiizungusha kwenye kona ya pili ncha hurudi karibu pale pale, na mashine inayozalisha usiku kucha bila mtu inahitaji hivyo. Mviringo wa ncha ni milimita 0.2. Kishikio chake kinauweka ukingo kwenye nyuzi 93 hivi dhidi ya rodi, kwa hiyo sehemu kubwa ya msukumo inakwenda kwa urefu, kuelekea kwenye koleti inayoishika rodi. Huko rodi ina nguvu zake zote.

Mtu atauliza, ncha ndogo hivyo si itaacha uso wenye mikwaruzo? Kimo cha mikwaruzo, kwa nadharia, ni mlisho (mwendo kwa kila mzunguko wa rodi) mara mlisho, gawanya kwa mara nane ya mviringo wa ncha. Mlisho wa milimita 0.2 kwa ncha ya 0.8 unaacha mikroni 6 na ushee. Mlisho wa 0.03 kwa ncha ya 0.2 unaacha kama nusu mikroni. Ncha ndogo inalipwa kwa mwendo wa taratibu.

Mlisho huo mdogo, hata hivyo, una mtego wake. Mipako minene inayowekwa kwenye joto la karibu nyuzi 1,000 huuviringa ukingo kidogo. Ukingo ukiwa mviringo kuliko unene wa chuma kinachoondolewa, tipu haikati, inasugua. Ndiyo maana kwa kazi hizi huchaguliwa tipu isiyo na mipako, au yenye mipako myembamba ya mikroni chache iliyowekwa kwenye joto la chini.

Tena mashine hii hairuhusu kula kidogo kidogo. Rodi ikishapunguzwa haiwezi kurudi ndani ya bushi ikashikwa, kwa sababu bushi imetengenezwa kwa kipenyo cha awali. Kutoka milimita 8 hadi 4 unashuka kwa pigo moja, kina cha milimita 2, mlisho ukiwa mdogo. Tipu lazima iwe na mfereji wa kuvunja nyuzi za chuma kwa hali hiyo hiyo, la sivyo nyuzi zinajizungusha kwenye bushi na kazi inasimama.

Kishikio chenyewe ni kijiti cha mraba cha milimita 8, 10, 12 au 16. Kichwa chake hakitokezi pembeni, kwa kuwa visu vimesimama bega kwa bega. Baadhi vina skrubu inayofunguliwa kutoka nyuma, maana mbele hapana nafasi hata ya bisibisi.

Fundi wa Kyela au Mbeya mwenye lethi ya kawaida hana haja ya kuliota kerezo la Kiswisi ili apate sehemu kubwa ya faida hii. Kisu cha chuma cha HSS alichokinoa mwenyewe kwenye grainda, kikali, chenye mteremko na ncha ndogo, kiko karibu na DCGT kuliko boksi zima la CNMG. Akifunga kwenye gari la kisu kile kishikilio kinachotembea, vidole vyake vikiigusa rodi nyuma tu ya kisu pale palipokwishakatwa, anapata jamaa wa bushi ya kuongozea. Tofauti ni kwamba bushi hushika kipenyo cha awali, kwa hiyo rodi inayoingia humo lazima iwe imenyooka na kusagwa tayari, ilhali vidole hushika kipenyo kipya na vinarekebishwa baada ya kila pigo. Kazi inakwenda polepole zaidi, na kipande cha kwanza karibu kila mara ni cha kutupa.