Na Nani? Kauli ya Kutendwa katika Insha Zetu za Kiingereza

Muhula uliopita niliandika insha juu ya riwaya ya Ngugi wa Thiong'o, A Grain of Wheat (1967). Nilianza hivi: "Mugo can be seen as a hero." Mhadhiri aliirudisha, pembeni kaandika kwa wino mwekundu: "Na nani?" Jamani, nilikasirika. Sarufi ilikuwa sahihi: kitenzi saidizi, kisha be, kisha kitenzi kikuu katika umbo lake la tatu. Kosa liko wapi?

Kumbe riwaya nzima imejengwa juu ya swali hilo hilo. Wanaomwona Mugo kuwa shujaa ni wanakijiji wa Thabai. Yeye mwenyewe anajua kwamba ndiye aliyemsaliti Kihika, na msomaji naye huja kujua baadaye. Sentensi yangu ilimficha mwonaji, na hiyo can ikanipa mlango wa kutorokea: sikukubali, sikukataa.

Sisemi muundo huu utupwe. "The novel must be read twice" haina tatizo, maana mtenda ni msomaji yeyote. Hata George Orwell, aliyeishambulia kauli ya kutendwa mwaka 1946, aliitumia katika makala ile ile. Lakini "it can be argued" ya insha zetu mara nyingi ni woga tu.

Basi nimeandika upya: Thabai wanamwona shujaa, mimi namwona msaliti aliyepata ujasiri siku ya kukiri. Mhadhiri anaweza kupinga, ila sasa anajua anampinga nani.