Stupa Kuu ya Sanchi: Usanifu wa Mzunguko

Tumezoea kulipima jengo kwa kilichomo ndani yake: ukumbi, dari, namna mwanga unavyoingia. Kwa kipimo hicho, Stupa Kuu ya Sanchi, mahali pa ibada pa Wabudha katika jimbo la Madhya Pradesh nchini India, haistahili hata kuitwa jengo. Ni kuba lenye kipenyo cha mita 36 na kimo cha mita 16 hivi, limeshindiliwa matofali na mawe tangu chini hadi juu, wala halina chumba cha kuingia mtu. Hata hivyo, ukifuata hatua za ujenzi wake utaona kwamba mafundi wake walikuwa na nafasi waliyoisanifu kwa makini makubwa: njia inayolizunguka kuba. Nadai kwamba njia hiyo ndiyo jengo lenyewe, na kuba ni kitovu chake.

Kiini cha matofali kilijengwa zama za mfalme Ashoka, karne ya 3 KK. Karne iliyofuata kilivikwa ganda la mawe, kipenyo kikakaribia kuongezeka maradufu. Upanuzi huo haukuongeza ukubwa tu, bali uliwapa waumini mahali pa kupita: njia ya chini iliyofungwa kwa uzio wa mawe wenye kimo cha zaidi ya mita 3, na jukwaa la mviringo juu yake, linalofikiwa kwa ngazi mbili za upande wa kusini. Uzio umeungwa kwa ufundi wa seremala. Nguzo zimetobolewa ubavuni, na ncha za mapau zimeingizwa katika matundu hayo. Kwa hiyo nguzo moja husimamishwa, mapau yakachomekwa, ndipo nguzo ya pili ikafuata. Kazi hiyo ngumu ilitenga ardhi takatifu na ardhi ya kawaida. Kwenye njia nne za kuingilia, uzio unajitokeza na kupinda, hivyo anayeingia hawezi kulikabili kuba moja kwa moja. Hulazimika kugeuka, kisha huzunguka huku stupa ikiwa kuliani kwake, upande wa heshima katika desturi za India.

Pingamizi la kwanza ni kwamba stupa ni kaburi tu, na maana yake yote imo katika masalia ya Budha au ya wanafunzi wake. Ni kweli kwamba asili ya stupa ni kilima cha kuzikia, na kwamba imani juu ya masalia ndiyo iliyowavuta watu. Lakini mwaka 1851 Alexander Cunningham na Frederick Maisey walichimba Stupa Kuu wasikute masalia, ilhali Stupa ya 3 iliyo jirani, ndogo kuliko hiyo na yenye lango moja tu, iliwapa masalia yaliyoandikwa majina ya Sariputta na Moggallana, wanafunzi wa Budha. Masalia yanaeleza kwa nini stupa zipo; hayaelezi njia mbili, ngazi na maingilio yaliyopinda. Vitu hivyo vinaelezwa na ibada ya kuzunguka.

Wengine watasema kwamba kuba ni ulimwengu, na mti wa miavuli mitatu kileleni ni mhimili wake. Sikatai, lakini mhimili hudai kitu kinachozunguka, na hapa kinachozunguka ni mwamini. Pingamizi zito zaidi linatokana na malango manne ya karne ya 1 KK, yaliyosheheni michongo: je, hayamwaliki mtu asimame atazame? Yanamwalika, ila michongo mingi iko juu mno kusomeka vizuri kutoka chini. Maandishi ya Sanchi yanawataja watawa, wafanyabiashara na wanawake wa kawaida waliotoa mawe. Lango la kusini linataja wachongaji wa pembe za ndovu wa mji wa Vidisha. Mchongo ulikuwa sadaka yenye thawabu hata pasipo mtazamaji. Na Budha mwenyewe hachorwi humo kama mtu; anaashiriwa kwa gurudumu, mti, kiti kitupu na nyayo.

Kwa hiyo John Marshall alipoikarabati Sanchi kati ya 1912 na 1919, akarudisha ngazi na nyuzio za juu zilizokuwa zimeanguka, hakuwa akirudisha mapambo. Kuba lisilo na njia zake ni rundo la mawe. Kwa njia hizo, mtu asiyejua kusoma aliweza kushiriki ibada yote kwa miguu yake. Usanifu unaompa kila mwamini nafasi sawa hivyo unastahili kuhesabiwa miongoni mwa usanifu mkubwa kabisa duniani.