Juu ya Alama za Mitihani na Mkono Uzitoao

Matokeo ya Kidato cha Nne yakifika katika vijiji vyetu vya ziwani, mtoto hupata jina jipya siku ile ile. Mwenye Divisheni ya Kwanza huitwa mwenye akili, na mwenye sifuri huitwa mzembe, hata na wale waliokula naye chungu kimoja tangu utoto. Wala hakuna aulizaye jina hilo limepimwa kwa kipimo gani. Mimi ni mtu wa kalamu nyekundu; nataka tuulize.

Mnunuzi wa dagaa akishuka hapa Wampembe hushika konzi moja, akatazama rangi, akanusa, akatafuna kidogo kusikia kama mna mchanga, kisha akataja bei. Dagaa wa kichanjani na dagaa walioanikwa chini hawezi kuwachanganya. Lakini kati ya wazuri na wazuri zaidi, hukumu yake ya asubuhi si ile ya jioni, wala si ya mwenzake aliyekuja naye katika mashua moja. Insha ya mtoto ni kama konzi ile. Mbovu kabisa na bora kabisa kila mwalimu huzijua. Ugomvi uko katikati, na huko katikati ndiko waliko watoto wengi.

Jambo hili lilijaribiwa Marekani zamani. Mwaka 1912 Daniel Starch na Edward Elliott walitoa nakala za karatasi moja ya Kiingereza, wakazipeleka kwa walimu wa shule nyingi, wazisahihishe kwa alama 100. Karatasi ni ile ile, ila mmoja alitoa 64 na mwingine 98. Watu wakasema, ndiyo tabia ya lugha, hesabu haina upendeleo. Basi mwaka uliofuata wakapeleka karatasi ya jometri, na hapo tofauti ikazidi: wa chini alitoa 28, wa juu alipita 90. Maana mmoja alihesabu jawabu tu, mwingine alitazama njia, na mwingine alichukizwa na uchafu wa karatasi.

Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa mwaka 1973, linaujua udhaifu huu. Kwa hiyo wasahihishaji hukusanywa mahali pamoja, wakapewa mwongozo mmoja. Tena mwaka 2012 mtihani wa Darasa la Saba ulianza kusahihishwa kwa mashine, watoto wakitia weusi katika viduara. Mashine haichoki, wala haina mtoto wa shangazi. Hata hivyo siisifu sana. Mtoto akijua kwamba hakuna atakayesoma sentensi zake, kwa nini ajifunze kuzitunga? Afadhali walimu wawili wenye kutofautiana kidogo, kuliko kizazi kisichoweza kuandika barua.

Lakini iko tofauti nyingine ambayo haitoki machoni mwa msahihishaji, nayo ndiyo inayonisikitisha zaidi. Ni mipaka ya madaraja. Matokeo ya mtihani wa mwaka 2012 yalipotangazwa Februari 2013, watahiniwa wapatao 60 katika kila 100 walikuwa na sifuri. Nchi nzima ilishtuka. Serikali ikaunda tume, na mwezi Mei ikayafuta matokeo yale, ikaagiza yapangwe upya kwa utaratibu wa mwaka 2011. Waliofaulu wakapanda kutoka 34 hivi katika 100 hadi 43. Hakuna mtoto aliyeongeza neno hata moja katika karatasi yake. Baba aliyekwisha kumfukuza mwanawe mwezi Februari, mwezi Mei alimwambia nini?

Utaratibu uliofutwa ulikuwa wa mipaka isiyosogea: chini ya 35 ni F, kila somo. Wapo wanaoutetea, wakisema kipimo kisichobadilika ndicho cha haki. Maneno hayo yana sura nzuri, lakini mtihani wenyewe haulingani mwaka hata mwaka. Maswali yakiwa magumu zaidi, 34 ya mwaka huu yaweza kuzidi 40 ya mwaka jana. Kamba ni ile ile, bali mti umekua. Kwa upande wa pili, mipaka inayopangwa baada ya karatasi kusomwa humwacha mtoto gizani, asijue anakimbilia wapi. Kati ya hizo mbili mimi huchagua mipaka ya wazi, ila wapimaji wayapime maswali kwanza.

Yaliyofuata hayakutupa utulivu. Baadaye mwaka 2013 Wizara ilitangaza mipaka mingine, 30 ikawa D. Mwaka 2014 Divisheni ziliondolewa, likaja hesabu la wastani wa pointi pamoja na majina mapya ambayo wazazi hawakuyaelewa. Na mwaka 2016 Divisheni zikarudishwa. Hivyo ndugu wawili wa nyumba moja, kila mmoja na 34 zake, mkubwa wa mwaka 2012 alipewa F kwanza, na mdogo aliyemfuata akapewa D. Mmoja huitwa aliyefeli, mwingine huitwa aliyefaulu, na wote wawili waliketi dawati lile lile.

Kwa hiyo naomba mipaka ya kila somo ibandikwe katika mlango wa shule siku watoto waingiapo Kidato cha Tatu, nayo isiguswe mpaka wale wale wamalize. Na mzazi ajapo kuniuliza mwanawe alipata nini, mimi humwonyesha kwanza karatasi alizoandika mtoto darasani, tukazisoma pamoja, ndipo tukafungua matokeo.