Riwaya Iliyotoka Kwenye Kapu la Taka

Waraka wa utawala wa shule una lahaja yake, na mwalimu yeyote aliyewahi kusimama mbele ya ubao wa matangazo anaijua: fomu irudishwe kabla ya saa nne, asiyerudisha ajieleze kwa maandishi, maelezo yajazwe kwenye fomu ambayo imekwisha stoo. Kicheko cha ofisi ya walimu huanzia hapo, na kwa kawaida huishia hapo hapo, mapumziko yakiisha. Bel Kaufman, mwalimu wa New York, alikitoa nje ya ofisi kikawa riwaya. *Up the Down Staircase*, iliyotoka mwaka 1965, nimeisoma jinsi seremala anavyokagua kabati la fundi mwenzake, nikitafuta misumari imefichwa wapi.

Msimulizi hayumo. Kitabu chote ni karatasi: maagizo kutoka juu, vikaratasi ambavyo walimu wanapenyezeana wakati wa vipindi, insha, maoni ya wanafunzi yaliyotumbukizwa sandukuni, na barua za mwalimu mpya, Sylvia Barrett, kwa rafiki yake Ellen. Siku ya kwanza darasani tunaipata kwa sauti tupu zinazokatizana, bila mtu wa kutueleza nani kasema au kavaa nini. Kurasa chache tu, na kelele za darasa zima unazisikia. Mbegu yake ilikuwa hadithi fupi iliyochapwa mwaka 1962 katika jarida la Saturday Review, ya karatasi zilizookotwa kwenye kapu la taka la mwalimu. Mhariri mmoja aliisoma akamwomba mwandishi airefushe.

Shule yenyewe, Calvin Coolidge, ni ya kubuni. Nesi wake haruhusiwi kutibu kidonda. Cha kumpa mgonjwa ni chai. Msaidizi wa utawala, McHabe, anamshika mwanafunzi mmoja kwa kosa la kupanda ngazi za kushukia, na analiandika kosa hilo kwa uzito ambao wengine wangeuweka kando kwa ajili ya uhaini. Kaufman hasemi neno. Hakonyezi wala haongezi chumvi. Anaiweka karatasi ya McHabe, kisha kando yake karatasi ya mtoto ambaye shida yake haina fomu. Kicheko kinatokea katikati ya hizo mbili, mahali ambapo hakuna kilichoandikwa. Waandishi wengi wa tashtiti ya shule hawana uvumilivu huo. Wanamvalisha mwalimu mkuu kitambi na fimbo, halafu wanacheka wao kabla ya msomaji.

Ustadi zaidi uko kwenye sanduku la maoni. Mtu mwingine angetosheka kuharibu tahajia ili tuwacheke watoto. Kaufman kampa kila mmoja namna yake ya kukosea. Edward Williams, anayejiongezea cheo cha kibwana mwishoni mwa jina, analalamikia ubaguzi kila anaposhika kalamu. Unamcheka, halafu unajiuliza ni mara ngapi kati ya hizo alikuwa anasema kweli. Lou Martin anaomba msamaha wa kutofanya kazi ya nyumbani kwa ufasaha ambao, angeuelekeza kwenye kazi yenyewe, angeshaimaliza.

Sikio hilo lina historia. Kaufman alizaliwa Berlin mwaka 1911, akakulia Odessa akizungumza Kirusi, akafika New York ana miaka 12 bila Kiingereza, na wakamkalisha na watoto wa darasa la kwanza. Alipotaka leseni ya ualimu, watahini wa mazungumzo walimkataa kwa sababu ya lafudhi. Babu yake alikuwa Sholem Aleichem, bingwa wa ucheshi wa Kiyidi, ambaye naye alijua kumwacha mhusika ajianike mwenyewe ndani ya barua.

Sehemu inayonishangaza kila nikiirudia ni ile ya Alice Blake. Binti huyu anampenda mwalimu wake, Paul Barringer, kijana mtanashati mwenye ndoto za uandishi, na anamwandikia barua ya mapenzi. Barringer anaisahihisha kama insha: sarufi, msamiati, mtindo. Alice anajirusha dirishani. Kumbuka kwamba hadi hapo tumekuwa tukiburudika kwa makosa ya uandishi ya watoto, ukurasa kwa ukurasa, macho yetu yakikimbilia herufi iliyokosewa kabla ya aliyeiandika. Barringer kafanya tulichokuwa tunafanya sisi. Na Kaufman, bila kupandisha sauti, anaziacha nyaraka za utawala ziendelee kumiminika kwa lugha ile ile. Sijui mwandishi mwingine wa vichekesho vya shule aliyethubutu kumgeuzia msomaji kioo kwa ukali huo.

Palipolegea papo. Barua kwa Ellen zinaeleza mno. Humo Sylvia anatutafsiria mambo ambayo karatasi zilikwisha kuyasema, na mimi humalizia aya hizo kwa haraka ili nirudi kwenye sanduku la maoni. Filamu ya mwaka 1967, aliyoigiza Sandy Dennis, ilikumbwa na tatizo kubwa zaidi. Kamera inahitaji sura ya mtu, na kila Sandy Dennis anapoonekana akihuzunika kwa ajili ya wanafunzi wake, anafanya kazi ambayo kitabuni aliachiwa msomaji aifanye mwenyewe.